Karanga Kwenye Katoni za Embe

"Toka! Toka kabla sijaita polisi!"

Hiyo sauti haikuwa ya adui yangu. Ilikuwa ya dada yangu. Mama mmoja, baba mmoja, kitanda kimoja mpaka tulipokuwa wakubwa.

Alinivua kofia ya kazi kwa mkono wake, mbele ya wafanyakazi wote, akaitupa chini kwenye maji ya kuoshea maembe.

"Dada, nimefanya nini?"

"Unaniuliza mimi?!"

Akanisukumia simu usoni. Kulikuwa na picha.

Katoni yenye nembo yetu imefunguliwa juu ya meza ya chuma, huko ng'ambo tulikouza mzigo. Ndani, juu ya pakiti za embe kavu, kuna kifurushi kidogo cha karatasi. Mtu mwenye glavu amekifungua na kumwaga kilichomo.

Karanga za kukaanga.

Jamani… karanga!

Najua kuna mtu hapo anasoma huku anasema, "Karanga tu? Ndiyo mtu afukuzwe?" Ngoja nikuelekeze, maana hata mimi kabla ya hii biashara ningesema hivyohivyo.

Kule tulikopeleka mzigo, karanga si mchezo. Kuna watu wao punje moja inawavimbisha koo, na dakika chache baadaye ni msiba. Kwa hiyo sheria yao iko wazi: kama kuna karanga, iandikwe juu ya pakiti. Ikikutwa haijaandikwa, mzigo wote unazuiwa. Kontena zima linateketezwa. Na wewe uliyeuza wanakuwekea alama.

Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa kufungasha. Kila katoni iliyotoka pale ilipita mikononi mwangu.

"Wamekulipa shilingi ngapi wale wa mananasi?" dada akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka getini.

Wale wa mananasi ni kiwanda cha ng'ambo ya barabara. Wanakausha mananasi, nao walikuwa wanalitolea macho soko lilelile. Siku chache kabla nilisimama na meneja wao nikamsalimia. Salamu tu! Leo salamu imekuwa ushahidi.

"Dada, naomba tuongee ofisini…"

"Mimi na wewe hatuna cha kuongea. Umeniua!"

Nikawatazama wafanyakazi. Wanawake niliowafundisha kazi mwenyewe, tuliokuwa tunakula sahani moja. Kila mmoja akatafuta kitu cha kuangalia chini.

Nikatoka na mabuti yangu ya mpira miguuni, natembea barabarani nalia.

Sasa nirudi nyuma kidogo ili twende pamoja.

Mama yetu alitulea kwa matunda. Alikuwa na meza sokoni, na wateja walimfuata yeye wakiwaruka wengine kwa sababu moja tu: nyongeza. Ukinunua fungu la machungwa, anakutupia moja juu. Ukinunua embe, anakuwekea kikaratasi cha karanga alizokaanga mwenyewe. Kwake yeye, kumuuzia mtu bila kumwongezea kitu ilikuwa ni utovu wa adabu.

Baba alipofariki, mimi na dada tuliamua kukausha maembe. Dada ana mdomo wa biashara, anaweza kukuuzia kivuli chako. Mimi ni mtu wa mikono. Nikajifunza kukata, kukausha, kupima unyevu, kufunga. Kiwanda tulikiandikisha nusu kwa nusu. Yeye akashika ofisi, mimi nikashika chumba cha kufungashia.

Kisha tukampata mnunuzi wa nje. Mama mmoja wa makamo, mpole lakini king'ang'anizi. Kila tukituma sampuli anataka nyingine. Embe nene kidogo. Embe nyembamba kidogo. Tukambatiza jina: Mama Sampuli. Kati yetu na yeye alikuwepo wakala wetu wa forodha, ambaye anaijua lugha yao kama aliyezaliwa nayo. Yeye ndiye aliyekuwa anatafsiri kila kitu.

Mama Sampuli aliporidhika, akaagiza kontena la kwanza. La majaribio. Likipita salama, soko ni letu.

Siku ya kupakia tulikuwa kama tunaoza mtoto wa kike! Hata mama alikuja kuona. Dada mwenyewe alimvalisha koti jeupe na kofia, akamwambia aketi aangalie watoto wake walipofika.

Ndilo hilo kontena lililokutwa na karanga.

Basi. Nilifika nyumbani kwa mama, maana nilikuwa bado naishi naye. Nikamkuta sebuleni anakunja nguo. Nikajifuta uso mlangoni.

"Leo umewahi."

"Kazi zimepungua, mama."

"Wale wageni wamepata mzigo wao?"

"Wamepata."

Akatabasamu. Akaacha kukunja.

"Wamesemaje kuhusu nyongeza yangu?"

…

Nyie!

"Nyongeza gani, mama?"

"Zile karanga! Mlipoenda kula mchana, nikaona katoni za mwisho hazijafungwa gundi. Nikasema, hivi hawa watoto wanamuuzia mtu wa mbali hivyo bila hata kumwongezea kitu? Nikawawekea kidogokidogo. Nilikuwa nazo kwenye mkoba. Si wamefurahi?"

Uso wake ulikuwa unang'aa. Sijui nikuelezeje. Uso wa mtu aliyefanya jema na anasubiri kuambiwa asante.

Mama ana presha. Wiki kadhaa kabla alianguka bafuni. Ningemwambia nini? Kwamba wema wake umeteketeza jasho la watoto wake wawili?

"Wamefurahi sana, mama," nikasema.

Kisha nikaingia chumbani nikaziba mdomo kwa mto.

Kesho yake nikamfuata dada kwake. Njia nzima nilikuwa najiambia, akisikia ni mama atalia, tutakumbatiana, yataisha. Alikuwa ameketi barazani anakunywa chai.

"Dada, nimejua nani aliweka karanga. Tafadhali usimwambie mtu. Ni mama."

Hakushtuka. Akaweka kikombe chini polepole.

"Najua."

"Unajua?!"

"Nilijua nilipoiona picha tu. Nani mwingine anasokota karatasi namna ile?"

"Sasa… mbona jana ulinifukuza?"

"Kaa chini, mdogo wangu."

Aliponiita mdogo wangu nikalainika. Huo ndio udhaifu wangu na anaujua vizuri.

Akaniambia hivi. Mama Sampuli amekasirika. Anataka jina la mhusika, na mhusika aondoke kiwandani, la sivyo soko linafungwa moja kwa moja. Tukimtaja mama, wataona kiwanda chetu kinaendeshwa na mabibi wa sokoni. Na mama mwenyewe akijua ndiye aliyetuangusha, hatutamaliza naye mwezi.

"Lazima awepo mtu," akasema.

"Ndiyo nikawa mimi?"

"Wewe ndiye msimamizi. Ndiyo inaleta maana."

"Si ungeniambia kwanza?"

"Ungeigiza vibaya. Wewe uongo unakushinda usoni. Wafanyakazi walitakiwa waamini kabisa."

Yaani nilicheza mchezo wa kuigiza bila kuambiwa ni mchezo!

"Msimu mmoja tu," akanishika mikono. "Kontena lijalo likipita, unarudi kwenye nafasi yako. Nusu yako ipo palepale. Naapa kwa kaburi la baba."

"Na mama?"

"Mama asijue chochote. Kwa ajili yake, mdogo wangu."

Nikakubali.

Wewe ungekataa? Useme ukweli. Mama yako mzazi, presha juu, ungekataa?

Basi nikaanza maisha ya aibu. Nikapata kazi ya kupiga pasi kwa dobi mmoja. Mji wetu si mkubwa kiasi cha kujificha. Wafanyakazi wetu wa zamani wakileta nguo wananong'ona, tena kwa makusudi nisikie.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye. Kamuuza dada yake wa damu."

Wakanipa jina. Karanga. Nikipita, watu wanaitana, "Karanga huyo!" Nikawa nacheka nao. Ukicheka, maumivu yanapungua kidogo.

Lakini kilichonimaliza kilikuwa nyumbani. Mama alibadilika.

Siku chache tu baada ya mimi kufukuzwa, akaacha kunitazama usoni. Tukila, anainamia sahani yake. Nikimwuliza kitu, anajibu ukutani. Nikajua dada amemwambia ile hadithi ya wale wa mananasi, bila kutaja karanga, naye ameiamini.

Siku moja jirani alikuja kumsalimia. Mimi nilikuwa palepale, nafuta meza.

"Poleni kwa yaliyowakuta kiwandani," jirani akasema, jicho kwangu.

Mama akashusha pumzi.

"Mtoto akishaharibika, mzazi afanyeje?"

Nisikilizeni. Nilifuta ile meza mpaka ikakauka, nikaendelea kuifuta. Mwanamke niliyekuwa nambebea mzigo wake ndiye anayesema nimeharibika! Nikamtetea moyoni. Nikasema hajui, masikini. Hajui. Siku akijua ataniomba radhi kwa machozi.

Hilo neno "hajui" ndilo lililonilaza na kuniamsha msimu mzima.

Kontena la pili likaenda. Likapita! Nilisikia kwa watu, kama unavyosikia harusi ambayo hukualikwa. Nikavaa vizuri nikaenda kiwandani.

Kwenye chumba changu cha kufungashia alikuwa amesimama mdogo wake shemeji yangu, mume wa dada. Binti ambaye hajui hata embe mbivu inaanzia kuiva wapi.

"Dada, msimu umeisha," nikamwambia ofisini.

"Hongera kwetu!" akacheka.

"Nimekuja kuanza kazi."

Kicheko kikakatika.

"Bado kidogo. Jina lako kule ni sumu. Mama Sampuli akisikia umerudi, atavunja kila kitu. Vumilia."

"Mpaka lini?"

"Nitakwambia."

Na mimi, bwege niliyekamilika, nikarudi kwenye pasi yangu.

Sasa sikia.

Mchana mmoja yule wakala wa forodha akaleta mashati kwa dobi. Aliponiona akasimama kama aliyeona mtu aliyeambiwa amehama nchi.

"Kumbe upo mjini? Dada yako alisema umeolewa mbali."

"Nimeolewa na hii pasi."

Hakucheka.

"Mama Sampuli amefika juzi. Anakuulizia."

"Ananiulizia mimi? Si ndiye aliyetaka nifukuzwe?"

"Nani amekwambia?"

"Dada."

Akayaweka mashati juu ya meza. Akavuta kiti.

"Dada mdogo, mimi ndiye niliyetafsiri kila neno kati yao. Hakuna aliyetaka jina la mtu. Walitaka kujua karanga ziliingiaje, na mtazuiaje zisiingie tena. Basi. Dada yako ndiye aliyesema uliwauza kwa wapinzani na amekutoa kwenye kampuni. Yule mama alimwuliza mara mbili kama ana uhakika."

Pasi ilikuwa mkononi. Nikanusa kitambaa kinaungua. Shati la mtu!

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani ni kweli. Mtu ambaye hajafanya kosa anafukuzwa, halafu anakaa kimya? Ulikaa kimya mno."

Nikaichomoa pasi kwenye umeme.

"Na kesho," akaendelea, sauti chini, "wanasaini mkataba mrefu. Kwenye mkataba mmiliki wa kiwanda ni mmoja tu. Wewe haumo. Ukishasainiwa huo, utapigana mahakamani mpaka uzeeke."

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Alinitoa kafara, kisha akachukua na ngozi.

Nikavua aproni nikaenda nyumbani. Nilijua ninachohitaji. Sentensi moja tu kutoka kwa mama: "Ni mimi niliyeweka, mwanangu hana kosa." Aseme kesho mbele ya Mama Sampuli, na kila kitu kitanirudia. Nilichoogopa ni presha yake. Njiani nikawa napanga maneno. Nianze polepole. Nimshike mkono. Nimpe maji kwanza.

Nikamkuta ameketi dirishani. Nikaleta maji. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, nina jambo. Usishtuke. Si kosa lako, ulifanya kwa upendo. Zile karanga ulizoweka…"

"Najua."

Nilidhani sijasikia.

"Unajua nini, mama?"

"Kwamba ndizo zilizoteketeza mzigo." Alikuwa anaangalia nje. "Dada yako aliniambia, ile wiki ya kwanza."

…

Glasi ilikuwa mkononi mwangu. Nikaiweka sakafuni taratibu, sijui kwa nini niliogopa kuimwaga.

"Msimu mzima ulikuwa unajua?"

Akaendelea kuangalia nje.

"Mama! Ulimwambia jirani nimeharibika! Nimesimama pale!"

"Ulitaka niseme nini? Kwamba mimi ndiye niliyewafilisi watoto wangu? Nitembee vipi sokoni?"

"Na mimi nitembee vipi?"

"Wewe una nguvu, mwanangu." Sasa akanitazama, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Alikuwa analia. "Dada yako ana watoto, ana mume, ana jina. Wewe huna wa kukuuliza. Tukaona wewe ndiye utakayeweza kubeba."

Tukaona!

Wao wawili. Waliketi mahali, pengine hapo hapo sebuleni, wakanipima kama embe, wakaona nafaa.

Na kule kuinamia sahani hakukuwa hasira. Alikuwa anashindwa kuniangalia.

"Kesho uje useme ukweli, mama. Sentensi moja tu."

Akajifuta machozi kwa pindo la kanga.

"Umeshabeba mpaka hapa. Watu wameanza kusahau. Malizia tu, mwanangu."

Sikupiga kelele. Nilisimama, nikaingia chumbani, nikaanza kupanga nguo zangu kwenye begi.

Kesho yake niliingia kwenye ule mkutano bila kualikwa. Wakala aliniachia mlango. Dada alikuwa na kalamu mkononi.

"Nani amemruhusu huyu?!"

Mama Sampuli akainuka akanipa mkono. Nikaongea, wakala akatafsiri.

"Karanga ziliwekwa na mama yetu mzazi. Hakujua sheria. Alitaka kuwapa nyongeza."

Wakala akakwama. Lugha yao haina hilo neno. Akahangaika, mara aonyeshe kwa mikono mtu ananunua, mara aonyeshe muuzaji anamdondoshea kitu cha juu. Mwishowe yule mama akaelewa. Akajishika mdomo. Kisha akasema jambo fupi, na wakala akalitafsiri huku akimtazama dada yangu.

"Anasema, kwa nini hamkusema hivyo tangu mwanzo? Wangeandika mstari mmoja: wageni hawaingii tena chumba cha kufungashia. Na mngepewa nafasi nyingine."

Mstari mmoja, jamani. Ukweli wetu ulikuwa mwepesi hivyo.

Mama Sampuli akaifunga kalamu yake. Akasema hasaini mpaka majina yawe mawili, na anayefungasha awe mimi. Dada akakubali, angefanyaje? Tulipotoka koridoni akanikaba.

"Umemwanika mama mbele ya wageni! Una roho gani wewe?"

"Nimemwanika mtu aliyefanya kosa lake. Wewe ulimwanika asiye na kosa, ukanywa chai."

Basi nimerudi. Nusu yangu ninayo, chumba changu ninacho, na hakuna mgeni anayekanyaga mle, awe nani. Wafanyakazi wameniomba radhi, ingawa jina la Karanga limegoma kutoka. Mimi na dada tunaongea unyevu na katoni. Hatuongei kingine.

Kwa mama nilihama. Huwa napita Jumapili kumpelekea dawa za presha. Ananipokea vizuri. Siku hizi ananitazama usoni, na sasa mimi ndiye ninayeangalia pembeni. Kusamehe natamani. Sijafika. Atakayeniambia kwenye komenti kwamba mama ni mama, mwambie akae msimu mmoja akiitwa jina la kosa la mwenzake, kisha arudi tuongee.

Mtanisuta kwamba nilikubali mwenyewe. Ni kweli, nilikubali. Nilikubali kumficha mama jambo ambalo mama alikuwa ananificha mimi.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ambaye leo unabeba lawama ya mtu unayempenda kwa sababu eti hajui… nenda kamuulize.